UZI: Mshtakiwa huruhusiwa kuongea lini kortini?

1/ Kila mara mkubwa fulani akifikishwa kortini, mitandao hugawanyika. Kuna wanaouliza, "Kama hana hatia, mbona amenyamaza?" Na kuna wanaolia, "Hakimu amemkataza kuongea, hiyo ni dhuluma!" Mara nyingi pande zote mbili zimekosea, na historia ndiyo inayoeleza kwa nini. Hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Twende pole pole.

2/ Utaratibu wetu wa kesi za jinai ulitoka Uingereza. Huko zamani, aliyeshtakiwa kosa la kunyongwa alijitetea peke yake. Wakili hakuruhusiwa kumsemea, labda kuzuke swali gumu la kisheria. Kesi ndogondogo, wakili sawa. Kesi ya roho yako, hapana.

3/ Sababu waliyotoa? Kwamba mtu mwaminifu hahitaji ufundi kusema ukweli. Asimame, aongee, na wazee wa baraza wamtazame usoni. Kwa hivyo kuongea hakukuwa haki aliyopewa. Kulikuwa ni lazima, maana ukinyamaza hakuna mwingine wa kukusemea.

4/ Sasa angalia ni nani waliopata nafuu kwanza. Mwaka 1696 Bunge la Uingereza liliruhusu mawakili katika kesi za uhaini. Uhaini ndilo kosa ambalo wanasiasa wenyewe walikuwa wakishtakiana. Mtu wa kawaida aliyeshtakiwa wizi alingoja hadi 1836 ndipo wakili akaruhusiwa kumtetea kikamilifu. Miaka 140. Wakubwa walijishonea koti lao kwanza.

5/ Halafu mambo yakageuka. Wakili alipoingia, mdomo wa mshtakiwa ulifungwa. Hakuruhusiwa kutoa ushahidi kwa kiapo katika kesi yake mwenyewe, kwa sababu ilidhaniwa kwamba mwenye kesi lazima atadanganya. Ni 1898 ndipo sheria ilimpa kila mshtakiwa ruhusa ya kuapa na kutoa ushahidi. Ruhusa, si amri. Hapo ndipo kuongea kulipokuwa uamuzi wake.

6/ Mfumo huo ndio ulioletwa Kenya na ukoloni, lakini na tatizo moja kubwa: lugha. Hakimu Mzungu, sheria ya Kiingereza, mshtakiwa Mwafrika, na katikati yao mkalimani. Ukisema kitu, korti inasikia kile mkalimani amesema umesema.

7/ Kesi ya Kapenguria, 1952 hadi 1953, ilionyesha jambo hilo wazi. Watu sita walishtakiwa kwa kuendesha Mau Mau. Mkalimani wa kwanza alikuwa Louis Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyekijua Kikuyu vizuri. Upande wa utetezi ulilalamika kwamba anaegemea upande mmoja, naye akajiondoa.

8/ Mshtakiwa mkuu alikubali kuapa, akahojiwa na kiongozi wa mashtaka kwa siku kadhaa. Tarehe 8 Aprili 1953, baada ya kupatikana na hatia na kabla ya kusomewa adhabu, alizungumza kwa niaba ya wenzake akasema hawaukubali uamuzi huo. Wakafungwa miaka 7 na kazi ngumu. Maneno yake hayakupunguza hata siku moja. Lakini yaliandikwa kwenye rekodi, na ndiyo maana hadi leo tunajua alichosema.

9/ Miaka mitatu baadaye, Novemba 1956, Dedan Kimathi alifikishwa mahakamani Nyeri, akiwa bado anauguza jeraha la risasi. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi wakati wa hali ya hatari. Alikuwa na wakili, na yeye mwenyewe alitoa ushahidi: alisema alikuwa anakwenda kujisalimisha. Hakuaminiwa. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

10/ Na hao ni wale tunaowajua kwa majina. Katika miaka ya hali ya hatari, zaidi ya Waafrika 1,000 walinyongwa baada ya kesi. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema "si alipewa nafasi ya kuongea", uliza swali la pili: je, kulikuwa na mtu wa kusikiliza?

11/ Tuje sasa kwa Kenya ya leo. Kuna milango mitatu ambapo mshtakiwa huongea, na kila mlango una kazi yake. Vurugu nyingi za mitandaoni hutokana na watu kuichanganya.

12/ MLANGO WA KWANZA: siku ya kusomewa mashtaka. Hapa unaulizwa kitu kimoja tu: ni kweli au si kweli? Si siku ya kueleza nani alikuchongea wala serikali inakuonea vipi. Ndiyo maana hakimu humkatiza mheshimiwa anayeanza hotuba. Hajamnyima haki ya kujitetea. Siku yake ya kujitetea bado haijafika. Kama kuna malalamiko ya dhamana, au ya kuteswa na polisi, hayo yana nafasi yake na lazima yasikizwe.

13/ Lakini kwa mwananchi wa kawaida, mlango huu ndio hatari kuliko yote. Ukisema "ni kweli" umejifungia kesi mwenyewe. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao korti zetu hufuata mpaka leo: mashtaka yasomwe kwa lugha unayoielewa, maneno yako yaandikwe jinsi ulivyoyasema, kisha maelezo ya kisa yasomwe na upewe nafasi ya kuyapinga. Ukisema "ni kweli, lakini nilikuwa najikinga", hiyo si kukubali kosa. Hakimu anafaa kuandika kwamba umekana.

14/ MLANGO WA PILI: baada ya upande wa mashtaka kumaliza mashahidi wake. Kabla ya hapo, kama huna wakili, una haki ya kumuuliza maswali kila shahidi. Wakimaliza, korti inaamua kama una kesi ya kujibu. Kama huna, unaachiliwa bila kufungua mdomo. Kama unayo, unaelezwa chaguo lako.

15/ Chaguo ni tatu. Moja: unaapa, unatoa ushahidi, na kiongozi wa mashtaka anakuhoji. Mbili: unaongea bila kiapo ukiwa kizimbani, na hakuna anayekuhoji, ila maneno yako huwa na uzito mdogo. Tatu: unanyamaza. Uingereza ilifuta hiyo njia ya pili mwaka 1982. Sisi bado tunayo, kwenye kifungu cha 211 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kwa mahakama za mahakimu.

16/ Na kunyamaza si kukiri. Katiba ya 2010, Kifungu cha 50, inasema unachukuliwa huna hatia hadi ithibitishwe vinginevyo, na kwamba una haki ya kunyamaza. Sheria ya Ushahidi inamkataza kiongozi wa mashtaka hata kugusia kwamba hukutoa ushahidi. Uingereza ililegeza ulinzi huo mwaka 1994. Huko sasa korti inaweza kuupima ukimya wako. Kenya haijafanya hivyo. Kwa hivyo "mbona amenyamaza?" ni swali la siasa, na unaweza kumuuliza mgombea kwenye mkutano. Kortini, mzigo uko kwa aliyeshtaki.

17/ MLANGO WA TATU: umepatikana na hatia, adhabu bado. Hapa unaulizwa kama una la kusema. Unaeleza hali yako: watoto, ugonjwa, umri, majuto, ilikuwaje. Wengi hudhani hii ni desturi tu. Historia yetu inasema ni mlango uliokuwa umechorwa ukutani.

18/ Kwa miaka mingi, aliyepatikana na hatia ya mauaji alikuwa na adhabu moja pekee: kifo. Aliweza kulia, kuomba, kueleza alivyokuwa akipigwa nyumbani miaka na mikaka, na jaji hata akimwelewa, mikono yake ilikuwa imefungwa. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilisema hiyo haiwezi kuwa kesi ya haki, kwa sababu kumpa mtu nafasi ya kuongea huku adhabu ishapangwa ni kumdanganya. Mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji. Makosa mengine yenye adhabu ya lazima yangehitaji kesi zake.

19/ Linganisha na wizi wa mabavu. Nao adhabu yake kisheria ni kifo, lakini husikizwa na hakimu. Mshtakiwa wa mauaji Mahakama Kuu alikuwa akipewa wakili na serikali. Wa wizi wa mabavu, hapana. Kijana aliyeacha shule darasa la sita alimhoji polisi mwenyewe, huku roho yake ikiwa mezani. Ni ile Uingereza ya kabla ya 1836, iliyohamia kwetu.

20/ Katiba ya 2010 ilisema mshtakiwa apewe wakili wa serikali iwapo bila yeye kutatokea dhuluma kubwa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ikaja 2016. Lakini 2017 Mahakama ya Juu ilisema haki hiyo haiji yenyewe kwa kila mtu. Korti hupima uzito wa kosa, ugumu wa kesi na kama mshtakiwa anaweza kulipa. Bila pesa za bajeti, kifungu kizuri hubaki karatasi.

21/ Kwa hivyo mjadala ukija tena, usipoteze bando kubishana kama mheshimiwa ameongea au amenyamaza. Yeye ana mawakili watano wa kumwambia lini afungue mdomo. Muulize anayetaka kura yako mambo haya: msaada wa kisheria utatengewa pesa ngapi? Korti ya kaunti yetu ina wakalimani wa lugha zipi? Yule asiye na wakili, nani humweleza zile chaguo tatu kabla hajasema "ni kweli"?

22/ Ukiwa na ndugu anayesomewa mashtaka wiki hii, mwambie mambo mawili. Aombe lugha anayoielewa, mkalimani halipiwi. Na kama hajaelewa mashtaka, aseme hajaelewa. Hayo nayo ni kuongea, na kortini yanaweza kumwokoa kuliko hotuba ya saa nzima.

Mwisho wa uzi. Mpitishie mwenzako.