Maziwa kwa paka

Maziwa ya ng'ombe si sumu kwa paka, lakini si chakula cha lazima kwake. Mtoto wa paka huzaliwa na kimeng'enya cha laktasi, kinachovunja laktosi, yaani sukari ya maziwa. Akishaacha kunyonya, kimeng'enya hicho hupungua. Sukari isiyovunjwa hufika utumbo mpana, huvuta maji na kuchachushwa na bakteria. Hapo paka huweza kujaa gesi na kuharisha.

Katika Ng'ambo, upande wa mashariki wa Mji wa Zanzibar, paka huishi karibu na watu, majumbani na sokoni, na Waislamu hawamhesabu kuwa najisi, hivyo ni rahisi mtu kutaka kumpa maziwa. Paka mzima mwenye afya anaweza kupewa kijiko kimoja au viwili vya maziwa mara mojamoja. Akiharisha, asipewe tena. Mtindi una laktosi pungufu kuliko maziwa mabichi. Mtoto wa paka asiye na mama apewe maziwa maalumu ya paka, si ya ng'ombe.

Chakula kikuu kiwe nyama na samaki aliyepikwa na kutolewa miiba; kinywaji kiwe maji safi, hasa wakati wa joto la kaskazi.