Mahadhi Yaliyovuta Kafi

Kabla ya mashine za boti kuenea katika maji ya Homa Bay na Migori nchini Kenya, wavuvi wa Rusinga, Mfangano na Muhuru, waliovuka Ziwa Viktoria kwa nguvu ya mikono, waliimba, mmoja akitangulia na wengine wakimwitikia, ili kafi zote zizame kwa wakati mmoja wala jitihada ya mtu isipotee bure. Na mahadhi hayo, kwa rai yangu, yalikuwa zana ya kazi sawasawa na kafi yenyewe.

Nchi kavu, katika mieleka ya Wajaluo iitwayo olengo, vijana walitiwa hamasa kwa nyimbo za sifa. Naye mpigaji wa nyatiti, ala ya Wajaluo ya nyuzi nane, huketi kigodani, njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akiigonga ala hiyo kwa wizani thabiti. Nami hustaajabu jinsi mtu mmoja aliyeketi awezavyo kuiendesha miili ya umati mzima.

Wataalamu wa ng'ambo nao waliyapima mambo haya: mwaka 1911 Leonard Ayres aliandika juu ya mashindano ya baiskeli ya siku sita mjini New York, ambamo waendeshaji walikwenda wastani wa maili 19.6 kwa saa bendi ilipopiga, na 17.9 iliponyamaza. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba mahadhi aghalabu hupunguza hisia ya uchovu, na yale ya taratibu, baada ya zoezi, huweza kusaidia mapigo ya moyo kutulia.