Shayiri, Kitunguu na Chakula cha Mbwa

Wapo wanaoshikilia kwamba mbwa ni mla nyama na basi, na kwamba kumwekea mboga ni mbwembwe za matajiri wa siku hizi. Historia haiwaungi mkono. Columella, aliyeandika juu ya kilimo huko Roma katika karne ya kwanza, aliagiza mbwa wa shamba walishwe unga wa shayiri uliokorogwa na maji ya maziwa yaliyoganda. Shamba lisilo na malisho lingewapa mkate uliolowekwa katika maji ya maharage, yawe vuguvugu, kwa kuwa ya moto aliamini huleta kichaa. Juu ya kichaa alikosea, ila lishe yenyewe ilikuwa na akili. Mnamo 1860 hivi, Mmarekani James Spratt alianza kuuza London biskuti za mbwa zenye ngano, nyama na mboga, bitiruti ikiwemo. Kisha mwaka 2013 watafiti wa Sweden wakaonyesha kwamba mbwa mwitu wa kaskazini wana nakala 2 tu za kinasaba cha kimeng'enya kinachovunja wanga, wakati mbwa wa nyumbani wana kati ya 4 na 30. Karne nyingi za kula makombo ya wakulima zimebadilisha hata mwili wa mbwa.

Swali la maana, basi, ni mboga ipi. Hapa ndipo mazoea ya kumtupia mbwa makombo yalipofundisha kidogo mno, na maarifa yakaja kwa mlango wa nyuma, kutoka kwenye ugonjwa wa watu maskini. Mwanzoni mwa karne ya 20, pelagra iliwaua watu wengi kusini mwa Marekani. Daktari Joseph Goldberger alishuku chakula chao cha kila siku, yaani mahindi, mafuta ya nguruwe na molasi. Yeye na wenzake walipowalisha mbwa chakula cha namna hiyo, mbwa hao waliugua ugonjwa wa ulimi mweusi, ndugu wa pelagra. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem aliwaponya mbwa wenye ugonjwa huo kwa vitamini ya niasini. Kwa hiyo mahindi hayamdhuru mbwa kwa sumu; humdhuru yakiwa ndiyo chakula chake pekee, jambo ambalo anayemlisha mbwa wake ugali mtupu angefaa kulijua.

Kitunguu ni kesi tofauti. Mwaka 1930 William Sebrell, aliyekuwa katika kundi hilohilo la Goldberger, alichapisha ripoti kwamba mbwa waliolishwa vitunguu walipungukiwa na damu. Baadaye ilifahamika kwamba kemikali zenye salfa zilizomo huharibu hemoglobini, na chembe nyekundu hupasuka. Kupika hakuondoi sumu hiyo, na kitunguu saumu ni cha ukoo huohuo.

Atatokea wa kusema kwamba mbwa wa kwao wamelamba masufuria ya mchuzi miaka yote na hakuna aliyekufa. Pingamizi hili lina uzito, lakini linathibitisha jambo dogo kuliko linavyodai. Vitabu vya tiba ya mifugo hutaja gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya mbwa kuwa kiasi cha kudhuru, na mabaki ya mchuzi kwa kawaida hayafiki huko. Mbwa wa kilo 10 angehitaji walau kitunguu kimoja kikubwa. Tena madhara huchukua siku kadhaa kujitokeza, hivyo anayemwona mbwa amelegea na ufizi umepauka hawezi kukumbuka alichokula juzi, atasema ni kupe. Na mbwa hawalingani: watafiti wa Japani walikuta, katika miaka ya 1990, kwamba baadhi ya mbwa hurithi chembe nyekundu zenye glutathioni nyingi, na hao hudhurika kwa kitunguu upesi kuliko wenzao. Karoti, boga na maharage yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu hayana kesi ya namna hii.