Injini za Kale za Nairobi na Watu Waliotandika Reli

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuwachukua mpaka Nairobi, mahali ambapo injini za zamani zimepumzishwa. Ni Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni ya gari la moshi. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1971, wakati Kenya, Uganda na Tanzania zilipokuwa bado zikishirikiana katika shirika moja la reli. Ushirika ule ulivunjika mwaka 1977, kila nchi ikachukua reli yake, lakini vyombo vilivyokwisha kusanywa vikabaki pale pale. Kwa hiyo Mtanzania au Mganda akiingia humo asijione mgeni. Ataona vyombo vilivyofanya kazi kwa ajili ya nchi zote tatu, na injini zilizopewa majina ya milima na makabila ya kwao.

Ndani ya nyumba mna vitu vidogo vidogo: picha, vyombo vya mezani vya abiria wakubwa, taa, na viti. Kimo pia kile kibao kilichofungwa mbele ya injini mwaka 1909 ili Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, akae hapo akitazama wanyama wa nyika. Lakini wanafunzi hawakai sana ndani. Hutoka upesi uani, kwenye injini zenyewe, wala hatuwalaumu, maana hata sisi walimu wao miguu hutupeleka huko huko.

Kubwa kupita zote ni injini nambari 5918, iitwayo Mount Gelai, kwa jina la mlima ulio karibu na ziwa Natron, kaskazini ya Tanzania. Ni moja ya injini 34 zilizotengenezwa na kiwanda cha Beyer, Peacock huko Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956. Kila moja ilipewa jina la mlima: Mount Kenya, Ruwenzori, Kilimanjaro, na mingineyo. Urefu wake wapita futi 100, na uzito wake, ikiwa imejaa maji na mafuta, ni tani 252. Katika reli zote za dunia zenye upana wa mita moja, haikupata kuundwa injini ya mvuke yenye nguvu kuliko hizi.

Yafaa tueleze kwa maneno machache jinsi injini ya mvuke ifanyavyo kazi, maana vijana wengi wa leo hawakupata kuiona ikienda. Moto huwaka katika tanuru iliyo nyuma. Hewa ya moto hupita katika mabomba mengi membamba yaliyozungukwa na maji, ndani ya pipa kubwa la chuma. Maji huchemka, na mvuke wake, kwa kuwa umefungiwa usipate pa kutokea, huwa na nguvu nyingi. Dereva aufungulia njia mpaka ndani ya silinda, nao husukuma pistoni mbele na nyuma, na pistoni huzungusha magurudumu kwa mtaimbo. Mvuke uliokwisha kufanya kazi hutupwa nje kwa bomba la moshi, na kwa kutoka kwake kwa kishindo huvuta moto uzidi kuwaka. Ile sauti ya kuhema tuliyokuwa tukiisikia utotoni ndiyo hiyo.

Mount Gelai ina hila moja zaidi. Reli yetu ni nyembamba, ina kona nyingi na vilima vikali. Injini ndefu ya kawaida ingeshindwa kupinda, na uzito wake ungeiponda njia. Basi wahandisi wakagawanya magurudumu mafungu mawili, moja mbele na moja nyuma, kila fungu na silinda zake, na lile pipa la kuchemshia maji wakalining'iniza katikati, kama machela iliyobebwa na watu wawili. Kila fungu laweza kugeuka peke yake penye kona, na uzito wote umeenezwa juu ya magurudumu mengi. Kwa njia hiyo injini moja iliweza kuvuta tani 1,200 katika mwinuko wa futi 1 kwa kila futi 66. Na mwinuko ulikuwapo tele: kutoka Mombasa, pwani, mpaka Nairobi ni maili 330, na Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya futi 5,000.

Injini hizi za milima zilikwisha kuachishwa kazi kufika mwaka 1980, injini za dizeli zikashika mahali pake. Lakini Mount Gelai haikufa kabisa. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii ilitengenezwa upya, ikawashwa moto, ikavuta mabehewa ya watu waliotaka kuonja safari ya zamani. Nyingine iliyofufuliwa hivyo ni nambari 3020, iitwayo Nyaturu, kwa jina la kabila la Singida. Katika safari ya namna hiyo msafiri hukaa karibu na dirisha, masizi humwingia machoni na nguo nyeupe hurudi nyumbani na rangi nyingine, naye hafikirii hayo hata kidogo, kwa kuwa amesikia ile filimbi. Wazee wetu waliposema gari la moshi walilitaja kwa kitu walichokiona kwanza, nao ulikuwa moshi juu ya miti. Siku hizi kati ya Mombasa na Nairobi kuna reli mpya, pana zaidi, iliyofunguliwa mwaka 2017, na magari yake hayana moshi wa namna ile. Hata hivyo wengi wetu twasema gari la moshi vile vile.

Sasa tuje kwenye behewa moja la mbao, ambalo wageni wengi hulitafuta kabla ya jingine lolote. Mwezi wa Juni mwaka 1900, katika stesheni ya Kima, simba alikuwa akiwasumbua watu wa reli. Mkuu mmoja wa polisi wa reli, Charles Ryall, pamoja na Wazungu wengine wawili, waliamua kulala ndani ya behewa lililosimamishwa kando ya njia, ili wamwue. Ryall akashika zamu, usingizi ukamchukua. Simba akaingia kwa mlango, akamkamata Ryall, akatoka naye kwa dirisha. Behewa hilo ndilo lililopo Nairobi hata leo, na kila mwongozi wa wageni husimama hapo akasimulia kisa chake.

Tuliposimama hapo na wanafunzi wa chuo chetu, mmoja wao, kijana asiye na maneno mengi, aliuliza, "Mwalimu, na wale waliotandika reli yenyewe, behewa lao liko wapi?" Wenzake wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza, maana waliona kwamba si swali la mchezo. Na sisi, tangu siku ile, hatupeleki wanafunzi kutazama injini bila kuwapa kwanza hesabu hii tutakayowapa ninyi.

Reli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896. Iliitwa Reli ya Uganda, ijapokuwa sehemu kubwa ya njia yake ilipita katika nchi ambayo sasa ni Kenya. Serikali ya Uingereza ilitaka kuifikia Uganda na chanzo cha mto Naili kabla ya mataifa mengine, na kuondoa ile biashara ya misafara iliyobeba kila kitu vichwani mwa watu. Wako wabunge wa London walioidhihaki sana kazi hiyo, wakisema ni fedha za bure. Wafanyakazi waliletwa kutoka India kwa mikataba, jumla yao 31,983. Upana wa mita moja nao ulifuata desturi ya India, kwa kuwa injini na mabehewa ya namna hiyo yalikuwa yakipatikana huko.

Njia ilipita kwanza nyika ya Taru, isiyo na maji, hata ikawa lazima maji yaletwe kwa gari nyuma ya watu waliokuwa wakifanya kazi. Mbung'o wakaua wanyama wa kubeba mizigo. Homa ya malaria ikawalaza watu kwa mamia. Walipofika mto Tsavo mwaka 1898, simba wawili wakazoea kula watu kambini, kazi ya daraja ikasimama, mpaka John Patterson alipowaua wote wawili katika mwezi wa Desemba mwaka ule. Ngozi zao sasa zimo katika makumbusho ya Chicago, Marekani, zimejazwa na kusimamishwa kama wazima. Patterson mwenyewe alipata kusema kwamba simba hao waliua watu 135; wataalamu waliopima mifupa na nywele zao, mwaka 2009, walikadiria watu 35 hivi. Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei mwaka 1899, mahali ambapo Wamasai walikuwa wakinywesha ng'ombe, napo pakawa kambi kuu kabla ya kupanda milima. Penye genge la Bonde la Ufa mabehewa yaliteremshwa kwa kamba kwa muda, njia ya kudumu ikiwa bado haijakwisha. Mwezi wa Desemba mwaka 1901 reli ilifika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu, ambapo wakati ule pamo bado katika Uganda. Jumla ya njia ilikuwa maili 582.

Katika Wahindi wale 31,983, waliokufa walikuwa 2,493. Gawanyeni kwa maili, mtaona ni zaidi ya watu wanne kwa kila maili moja. Wengine 6,454 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema. Waliobaki huku kwa hiari yao walikuwa 6,724, wakawa mafundi, makarani na wenye maduka, na wajukuu wao tunaishi nao. Angalieni pia kwamba hesabu hiyo ni ya Wahindi peke yao. Waafrika waliofyeka vichaka, waliobeba mawe na maji, na waliokata kuni, hawamo ndani yake. Na simba, ambao ndio wanaosimuliwa zaidi, walichukua sehemu ndogo tu ya waliokufa. Wengi waliuawa na homa, kuhara na vidonda, na vifo vya namna hiyo haviachi behewa la kuonyeshwa wageni.

Kuna na habari ya Wanandi. Inasimuliwa kwao kwamba Kimnyole, kiongozi wao wa dini aliyeuawa mwaka 1890, alitabiri kuja kwa nyoka wa chuma apumuaye moto na moshi. Nyoka alipokuja, Wanandi walimpinga kwa miaka kumi hivi, wakichukua waya za simu na vyuma vya njia, ambavyo kwao vilifaa kwa mapambo na silaha. Kiongozi wao Koitalel arap Samoei, mwana wa Kimnyole, aliitwa kwenye mkutano wa amani tarehe 19 Oktoba 1905, akapigwa risasi na mwanajeshi Mwingereza, Richard Meinertzhagen. Kwa maoni yetu mwalimu anayefundisha habari za reli asipoitaja siku ile amefundisha nusu ya somo.

Turudi kwenye majina, maana jambo hili latusumbua kidogo. Bamba la shaba lililoandikwa Nyaturu ni zuri, na kijana wa Singida akiliona atafurahi. Tumeliona jambo hilo kwa macho yetu. Lakini katika siku zile injini ilipobandikwa jina la kabila, watu wa kabila lenyewe walikuwa wakisafiri katika daraja la tatu, juu ya mabenchi ya mbao, au wakifanya kazi ya kukaza misumari ya njia juani. Jina lilipanda mbele, mwenye jina akakaa nyuma. Hatusemi bamba ling'olewe. Twasema tu kwamba anayelisoma na aulize pia habari za mabenchi.

Basi mwenye kufika Nairobi, na atazame kwa utaratibu. Aanze na injini, wala asione haya kupanda penye mahali pa dereva kama ameruhusiwa; ashike vile vipini, apime kwa macho jinsi mahali pa kusimama palivyo padogo na jinsi tanuru ilivyo karibu na miguu. Kisha ainame atazame chini, penye reli na mataruma. Kila taruma lilibebwa na watu, likalazwa na watu, likapigwa misumari na watu. Akiwa na mtoto amhesabishe mataruma kwa hatua chache tu, kisha amwambie kwamba njia ile ilikwenda hivyo hivyo maili 582.

Nasi tulio mbali na Nairobi tunayo alama nyingine iliyo karibu. Kabla injini hazijaanza kutumia mafuta, zilikuwa zikila kuni, kuni zisizo na kadiri, hata serikali ikapanda miti ya mikaratusi kando ya njia ili ikatwe kwa ajili yake. Mikaratusi mingine ingalipo nyanda za juu, mirefu na meupe mashina yake, karibu na stesheni ambazo sasa haziteremshi abiria. Watoto hupita chini yake wakienda shule. Wazee waliokata kuni zile kwa malipo ya senti wamebaki wachache sana, au hawapo tena. Lakini watoto wao wapo, na wengine walihifadhi shoka.