TVZ: Rangi Kabla ya Majirani

Televisheni Zanzibar ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1973, ilirusha kwa rangi tangu siku ya kwanza. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963, lakini zote mbili zilikuwa bado kwenye picha nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini, pamoja na dhahabu yake yote, ilingoja televisheni ya aina yoyote hadi Januari 1976, maana makaburu walikihofia chombo chenyewe. Kusini mwa Sahara hapakuwa na kituo kingine cha rangi.

Fedha zilitoka kwenye karafuu. Bei yake ilikuwa nzuri miaka ile, na Serikali ya Mapinduzi iliyashika mapato hayo mkononi mwake. Utangazaji nao haukuwemo katika mambo ya Muungano, hivyo Unguja haikuhitaji ruhusa ya Dar es Salaam. Rais wa kwanza wa Zanzibar, Mzee Abeid Amani Karume, alikuwa ameshauawa Aprili 1972. Kituo kikazaliwa chini ya mrithi wake, Aboud Jumbe, katika jengo lenye jina la marehemu, Karume House.

Bara, serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa na ikatosheka na redio. Hoja hiyo ilikuwa na uzito katika nchi ya vijiji visivyo na umeme, ila haikuwazuia watu wa Dar es Salaam wenye uwezo kuinua antena ndefu juu ya mapaa ili kunasa mawimbi yaliyovuka bahari. Kwa takriban miaka 20, Mtanzania wa bara aliyetaka televisheni ya Kiswahili ya nchini mwake alielekeza antena Zanzibar. ITV na vituo vingine vya binafsi vilikuja 1994. Televisheni ya taifa, TVT, ikafuata miaka kadhaa baadaye.

Tusiipambe kupita kiasi, hata hivyo. Pamoja na taarabu na michezo ya kuigiza, TVZ ilikuwa mdomo wa serikali: hotuba, ziara za viongozi, gwaride la Januari 12, siku ya Mapinduzi. Ukiritimba huo wa sauti ya serikali haukugusa wengi wakati wa chama kimoja. Vyama vingi viliporudi 1992, ukawa kero ya wazi, na katika uchaguzi wa 1995 waangalizi waliilaumu kwa kukipendelea chama tawala, CCM. Kituo kilichotangulia kwa mitambo kilichelewa kwa masikio. Sauti ya upinzani ilipata nafasi finyu.

Mwaka 2013 TVZ iliunganishwa na Sauti ya Tanzania Zanzibar, redio kongwe kuliko yenyewe, zikawa Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC. Desemba mwaka huohuo Azam TV, televisheni ya binafsi ya setilaiti, ilizinduliwa Dar es Salaam. Mwenye mtaji wake, Said Salim Bakhresa, ni mzaliwa wa Zanzibar, na madishi yake sasa yamejaa kwenye mapaa ya Unguja pia.