Kipimo ni Unyayo
Umri ulioandikwa kwenye lebo si kipimo cha soksi ya mtoto. Ushahidi wa kale uko British Museum: soksi ya sufu yenye mistari, ya mguu wa kushoto wa mtoto, iliyofukuliwa Antinoopolis, Misri, ambayo ina miaka ipatayo 1,700. Kidole gumba kimetengwa ili ivaliwe na viatu vya kanda. Ilifumwa kwa sindano moja, ufundi unaomruhusu mfumaji kuongeza au kupunguza mishono kadiri ya unyayo anaoujua. Mashine ya kufuma soksi ya Mwingereza William Lee, ya mwaka 1589, iliharakisha ufumaji. Viwanda vya baadaye vikafumia watoto wasiowaona. Wapo watakaosema nyuzi za kunyumbuka zimemaliza tatizo. Sikubali: hata soksi inayovutika, ikiwa fupi, hukunja vidole, na kichanga hana maneno ya kulalamika.