Kisisimuzi, Si Kichangamshi

Shangazi yangu alipoandikiwa dawa ya sonona, aliyemkabidhi vidonge alimwambia, "Hii itakuchangamsha." Hakuongeza neno. Shangazi akaondoka na matumaini, maana kwa miezi mingi alikuwa haoni hata sababu ya kuamka. Siku ya nne alinipigia simu saa nane za usiku. Moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, miguu haitaki kutulia kitandani. "Mwanangu," alisema, "hawa wamenizidishia ugonjwa."

Dawa ilikuwa fluoksetini, na lililompata linajulikana. Katika wiki za mwanzo baadhi ya wagonjwa hupata mahangaiko na kukosa usingizi kabla nafuu haijaanza kuonekana. Ndiyo maana huelekezwa kuimeza asubuhi. Ila kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuulizwa. Kila jioni, baada ya magharibi, shangazi hunywa kahawa chungu barazani, vikombe vinne au vitano, na hakuacha. Aache kwa nini? Kahawa inachangamsha, dawa inachangamsha, na uchangamfu haujawahi kumdhuru mtu.

Hapo ndipo nilipoanza kulitilia shaka neno lenyewe.

Kwa Kiingereza kundi la vitu hivi huitwa stimulant, neno lililotoka katika Kilatini, ambako stimulus ilikuwa fimbo yenye ncha ya kumchoma ng'ombe ili aende. Picha hiyo ina ukweli ndani yake: ng'ombe anakwenda, lakini ubavu unamuuma. Sisi tumelifasiri kwa kichangamshi, na wengine huandika kichangamsho. Ni tafsiri nyepesi kutamka, na kwa kahawa ya barazani inafaa kabisa. Lakini kuchangamka kwa Kiswahili ni sifa. Mtu mchangamfu ana uso mkunjufu, anakaribisha wageni, anapendwa. Neno limebeba furaha peke yake, na maumivu ya ubavu yamebaki nje.

Angalia kafeini, iliyomo kwenye kahawa, inavyofanya kazi. Tangu tunapoamka, ubongo hukusanya kidogo kidogo kemikali iitwayo adenosini. Inapotua kwenye vipokezi vyake, uchovu unaingia na usingizi unakaribia. Kafeini imefanana na adenosini kiasi cha kuweza kukalia kiti chake. Mwenye kiti anafika, hapati pa kukaa, na habari ya uchovu haifikishwi. Uchovu haujaondoka, umezuiwa mlangoni. Wakati huohuo adrenalini hupanda, na kwa baadhi ya watu moyo huanza kudunda kama wa mtu anayefukuzwa. Hakuna furaha yoyote iliyotengenezwa hapo. Aliyelala vizuri na kutulia ataona ameamka zaidi. Aliyekuwa na hofu ataona hofu yake imeamka pia. Mwongozo wa Chama cha Wataalamu wa Akili cha Marekani, toleo la 2013, umeutaja waziwazi ugonjwa wa wasiwasi unaosababishwa na kafeini.

Neno linashindwa zaidi tunapofika kwenye dawa za hospitali. Methilfenideti, iliyotengenezwa kwanza mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon, hutumiwa kwa watoto wasioweza kutulia wala kukaza fikira. Inaongeza dopamini na noradrenalini katika sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosimamia kujizuia na kupanga, na mtoto anapata utulivu. Sasa jaribu kumwambia mzazi kwamba mtoto wake, ambaye nyumba nzima inamlalamikia, ataandikiwa kichangamshi! Atauliza, na ana haki: huyu achangamshwe mara ngapi? Na dawa hiyohiyo inaweza kumpunguzia mtoto hamu ya kula, kumnyima usingizi, kuongeza mapigo ya moyo, na kwa baadhi kuleta wasiwasi. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo mzazi angelitarajia kutoka kwenye jina.

Wapo wanaopendekeza kichocheo. Nimelipima na silikubali, kwa sababu vitabu vya sayansi vya shule vimekwisha kulitumia kwa mambo mengine, zikiwemo homoni. Dawa za kulevya nalo ni jina la sheria kuliko la utabibu. Mirungi, ambayo Kenya huitwa miraa na kulimwa Meru kama zao la biashara, nchini Tanzania imo katika orodha hiyo ya kulevya, ingawa kathinoni iliyomo kwenye majani yake mabichi ina undugu wa karibu na amfetamini na humfanya mtafunaji akeshe akizungumza. Mlevi huyumba na kusinzia. Vijana wa vijiweni wanaijua tofauti hiyo bila darasa: mwenye mirungi ana stimu, hajalewa.

Neno ninalolitetea limo kinywani mwetu siku zote. Mwili husisimka. Unasisimka ukisikia kaswida nzuri, na unasisimka ukipita makaburini usiku. Malaika husimama kwa raha na kwa hofu vilevile, na Kiswahili kimeona vyema kutovitenganisha. Riwaya ya kusisimua hutufanya tukeshe huku viganja vinatoka jasho. Kurasa za michezo nazo zina dawa za kusisimua misuli kwa miaka mingi sasa. Kutoka sisimua tunapata kisisimuzi, kama tambua ilivyotupa utambuzi na chagua uchaguzi. Anayeambiwa "dawa hii ni kisisimuzi" hajaahidiwa furaha. Ameambiwa mwili wake utaguswa, na ataachiwa nafasi ya kuuliza utaguswaje.

Liko neno jingine la kurekebisha. Wengi ambao kahawa haipatani nao husema wana mzio wa kahawa. Mzio ni kazi ya kinga ya mwili: vipele, uvimbe, pumzi kubana. Anayetetemeka kwa kikombe kimoja hana mzio, ni mwepesi wa kafeini, na wepesi huo una sababu zake. Tofauti ndogo katika jeni ya kipokezi cha adenosini humfanya mmoja apate hofu kwa kipimo ambacho mwenzake analalia. Kafeini hupungua nusu mwilini kwa takriban saa 5, lakini vidonge vya uzazi wa mpango huurefusha muda huo, na mwishoni mwa ujauzito unaweza kufika saa 15. Mvutaji sigara huiondoa upesi, hivyo akiacha sigara kahawa yake ya kila siku humwelemea ghafla. Fluvoksamini, dawa nyingine ya sonona, huzuia kimeng'enya cha ini kinachoivunja kafeini, na kikombe cha asubuhi humfuata mtu hadi usiku. Hata buni zenyewe hazilingani: robusta ya Kagera, ambayo Wahaya huichemsha na kuitafuna, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro.

Na anayepatwa na hali hiyo ana maneno mazuri zaidi ya kusemea kuliko hili moja la wasiwasi tunalolitupia kila kitu. Ana mchecheto, ana kiherehere cha moyo, ana jakamoyo. Daktari akiyasikia haya ayaandike kama yalivyosemwa, kwa sababu kila moja linaonyesha mahali pake mwilini.

Fluoksetini, niseme wazi, haihesabiwi katika visisimuzi. Lakini wiki zake za kwanza humsisimua mtu, na hilo ndilo shangazi alilopaswa kuambiwa. Daktari wa pili hakuibadilisha dawa. Alimwomba apunguze kahawa kidogo kidogo hadi kikombe kimoja cha asubuhi, na akamweleza atarajie nini na kwa muda gani. Wiki ya tatu alianza kulala.

Kwenu mnaotoa dawa hizi: muulizeni mgonjwa anakunywa vikombe vingapi, vya nini na saa ngapi, kabla hajaondoka dirishani. Na wewe unayetumia dawa ya lithiamu, usiiache kahawa ghafla bila kumwambia daktari wako. Kafeini husaidia figo kuitoa lithiamu, na ukiikata ghafla kiwango cha dawa hupanda katika damu.